Picha za matumbawe zinatoka za buluu na zenye madoadoa: ninunue flashi, ninunue filta, au nibadilishe namna ya kupiga?

Chini ya Wimbi aliandika:

Wakuu, habari zenu. Nina cheti cha awali cha uzamiaji wa mtungi, kinachoniruhusu kushuka hadi mita 18 nikiwa na mwenzi, na ninazamia kwenye miamba ya matumbawe ambako maji yana uangavu wa wastani. Kamera yangu ni ile ndogo ya mfukoni, iliyo ndani ya kasha la plastiki ngumu lisiloingiza maji. Ina flashi yake ya ndani iliyo juu kidogo ya lenzi, na inaniruhusu kupanga mwenyewe kasi ya shata (pazia linalofunguka kuingiza mwanga) na tundu la lenzi.

Tatizo langu ni hili. Nikiwa chini ninayaona matumbawe ya zambarau na samaki wa rangi ya machungwa kwa macho yangu mwenyewe, lakini nikizifungua picha kwenye kompyuta, zote zimefunikwa na buluu inayoelekea kijani. Nikiwasha flashi, sehemu ya mbele hupata rangi kidogo, ila picha nzima hujaa madoadoa meupe, mengine yakiwa makubwa ya duara, hata pale ambapo maji nilikuwa nimeyaona safi kabisa. Nikiizima, madoadoa hutoweka na buluu hurudi. Nimejaribu pia kuongeza wekundu kwa programu ya kurekebisha picha, na nilichopata ni chengachenga nyekundu zilizotapakaa kila mahali.

Wapo wanaoniambia ninunue flashi ya nje yenye mkono wake, wapo wanaosema filta nyekundu inatosha, na mwalimu wangu wa uzamiaji anasema niiache kamera nchi kavu kwa muda. Ningependa mnieleze sababu za kila ushauri kabla sijatoa fedha mfukoni.

Kioo cha Kuba alijibu:

Salaam. Buluu na madoadoa unayoyalalamikia yana chanzo kimoja, nacho ni maji mengi mno yaliyopo kati ya lenzi yako na kitu unachokipiga. Ukishalielewa hilo utaweza kuamua mwenyewe ununue nini, na si ajabu ukaamua kuahirisha.

Tuanze na rangi. Maji hunyonya mwanga, lakini hayanyonyi rangi zote kwa kiwango kimoja. Wekundu ndio unaotangulia kupotea: hata katika bahari iliyo angavu, ukifika mita 5 hivi sehemu kubwa yake imeshamezwa, kisha rangi ya machungwa hufuata, halafu manjano, hadi unabaki na kijani na buluu. Ubongo wa binadamu huuzoea mwanga wa mahali ulipo na kufidia kwa kiasi fulani rangi iliyopungua, ndiyo maana ukiwa chini unayaona matumbawe yana rangi nyingi kuliko zinazoonekana kwenye picha. Kamera haina uwezo wa kufidia kitu ambacho hakikufika kwenye sensa yake, yaani kipokezi chake cha mwanga. Zile chengachenga nyekundu nazo zimetokana na hapo hapo: sehemu ya picha inayobeba wekundu ilikuwa karibu tupu, na ulipoiamuru programu iongeze, ilikuza kelele za sensa kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kukuza.

Wengi hudhani kinachohesabiwa ni kina peke yake. Kinachohesabiwa ni safari nzima ya mwanga ndani ya maji. Ukiwa kwenye kina cha mita 8 na tumbawe likiwa mita 2 mbele yako, mwanga wa jua umeshapita mita 8 kulifikia na mita 2 nyingine kuifikia lenzi, jumla mita 10. Flashi hubadilisha hesabu hiyo kwa sababu inaleta mwanga mweupe pale pale ulipo: kitu kikiwa nusu mita kutoka kwenye kamera, mwanga wa flashi husafiri mita 1 tu kwenda na kurudi, na wekundu mwingi hubaki. Lakini kitu hicho hicho kikiwa mita 1, safari inakuwa mita 2 na karibu nusu ya wekundu inapotea njiani. Na kikiwa mita 3, hata flashi kubwa haikufai kitu. Kwa hiyo flashi haileti rangi kwa mtu anayepiga akiwa mbali, na hapo ndipo watu wengi hununua kifaa cha gharama kisha wakakilaumu.

Kuna mtego mwingine. Mwanga unapotoka majini na kuingia kwenye hewa iliyo nyuma ya kioo bapa cha miwani yako, hupinda, na vitu huonekana kwa robo karibu zaidi kuliko vilivyo. Kitu kilicho mita 1 utakiona kama kiko sentimita 75. Unapojiambia kwamba umeshakaribia vya kutosha, mara nyingi bado hujakaribia. Mpinde huo huo ndio unaofanya flashi za nje ziangaze mbele ya samaki badala ya kumwangaza samaki mwenyewe, kwa kuwa mpigaji anazielekeza pale anapomwona, ilhali samaki yuko nyuma zaidi ya pale.

Sasa madoadoa. Maji yanayoonekana safi yamejaa planktoni (viumbe vidogo mno vinavyoelea) na chembechembe za mchanga, ila huzioni mpaka mwanga uzipige kutoka upande ulipo wewe, sawa na vumbi la chumbani linaloonekana pale tu mwale wa jua unapopenya dirishani. Flashi yako ya ndani iko karibu sana na lenzi, kwa hiyo inaangaza kila chembe iliyo kati ya kamera na tumbawe, na chembe hizo huurudisha mwanga moja kwa moja ndani ya lenzi. Yale madoa makubwa ya duara ni chembe zilizo karibu sana na kioo, nje ya fokasi, na ndiyo maana zinavimba.

Tiba yake ni kuutenganisha mwanga na lenzi. Flashi ya nje hukaa kwenye mkono mrefu pembeni, ikiwa imerudishwa nyuma ya usawa wa kioo cha kasha, na hugeuzwa nje kidogo ili ukingo tu wa mwanga wake ndio umguse unayempiga. Kwa mpangilio huo, maji yaliyo mbele ya lenzi hubaki gizani na chembe zake hazionekani. Kwa kamera kama yako, flashi ya ndani hutumika kama ishara tu: mwanga wake hupita kwenye waya wa nyuzi za kioo na kuiamsha ile ya nje, huku kipande cheusi kikizuia usivuje kuingia majini. Ukisahau kukiweka kipande hicho, madoadoa yatarudi kama kawaida, hata flashi ya nje iwe nzuri namna gani.

Ushauri wangu, basi, ni flashi moja ya nje pamoja na lenzi pana ya ziada inayofungwa mbele ya kasha. Lenzi hiyo inakuruhusu kulisogelea tumbawe hadi sentimita 30 na bado likaingia lote kwenye picha. Ifunge ukiwa tayari ndani ya maji, kisha uifungue kidogo na kuitikisa ili kiputo cha hewa kilichonaswa katikati kitoke, la sivyo nusu ya kila picha itakuwa na ukungu.

Jua la Mchana alijibu:

Sipingani na fizikia ya aliyenitangulia, ila sikubaliani na mpangilio wa manunuzi. Mwenye cheti cha mita 18 ambaye bado anazoea mtungi hahitaji kuongezewa mikono, waya na betri mbele ya kifua. Mwanga wa jua haulipiwi, na kati ya mita 3 na 10 unatosha kutoa picha nzuri sana za matumbawe, mradi mpigaji aufuate badala ya kugombana nao.

Zamia jua likiwa juu, kuanzia asubuhi iliyokomaa hadi mchana, kwa sababu jua likiwa chini sehemu kubwa ya mwanga wake huakisiwa kwenye uso wa maji bila kuingia. Jiweke jua likiwa mgongoni mwako, limulike upande wa tumbawe unaoutazama. Kisha, na hili ndilo linalopuuzwa kuliko yote, upange upya mizania ya weupe ukiwa pale pale chini. Beba kibao cheupe au cha kijivu, kijaze kwenye kioo cha kamera, na uiambie kamera kwamba hicho ndicho cheupe. Ukishuka au ukipanda mita 3 au zaidi, rudia, kwa kuwa mwanga umeshabadilika. Piga pia faili ghafi (RAW), usitegemee JPEG, kwa maana JPEG hutupa sehemu kubwa ya taarifa za rangi kabla hujaziona.

Kuhusu filta nyekundu, ieleweke kwamba haiongezi wekundu wowote. Kazi yake ni kupunguza buluu na kijani ili zilingane na wekundu mchache uliosalia. Kwa hiyo inahitaji wekundu uwepo, na inakula mwanga. Ndani ya mita 15 za kwanza inasaidia. Chini ya hapo inakupa picha nyeusi. Usiitumie pamoja na flashi hata kidogo, kwani kila kinachoguswa na mwanga mweupe wa flashi kitatoka chekundu kupita kiasi. Na kama maji yenu yanaelekea kijani kuliko buluu, filta inayofaa ni ya rangi ya majenta.

Nikiri, kwa haki, kwamba mwanga wa jua hautakusaidia chini ya mapango ya mwamba, wala kwa viumbe wadogo wa ukubwa wa ukucha. Huko flashi haina mbadala.

Mtungi Nusu alijibu:

Ninafundisha uzamiaji, na nitamtetea mwalimu wako, kwa kuwa naona ameachwa nyuma katika mjadala huu. Wenzangu wawili wamekuambia ukaribie hadi nusu mita au sentimita 30. Swali ambalo hakuna aliyeliuliza ni hili: je, unaweza kukaa umbali huo kutoka kwenye tumbawe hai, mwili ukiwa umelala sawa na maji, bila kugusa chochote, huku macho yako yakiwa kwenye kioo cha kamera na mikono yote miwili ikiwa na kazi?

Utafiti uliofanyika St Lucia, kisiwa cha Karibea, na kuchapishwa mwaka 2004 uliwafuata wazamiaji chini ya maji na kuhesabu mara walizougusa mwamba. Waliokuwa na kamera waligusa kwa wastani mara 0.4 kwa dakika, wakati wasiokuwa nayo waligusa mara 0.1. Maelezo mafupi waliyopewa kabla ya kuzama hayakuleta tofauti. Kilichopunguza migusano ni kiongozi wa mzamo kuingilia kati pale pale chini alipomwona mtu anakosea. Ukizingatia kwamba matumbawe mengi ya umbo la jiwe hukua kama sentimita 1 kwa mwaka au pungufu yake, na kwamba nyama hai ya tumbawe ni utando mwembamba tu uliofunika mifupa ya chokaa, utaelewa kwa nini mwalimu anasitasita. Mara nyingi anayevunja hata hajui, kwa sababu kinachovunja ni ncha ya pezi lililo nyuma yake, mahali asipotazama.

Kwa hiyo anza na uzito. Wanafunzi wengi hubeba vyuma vingi kuliko wanavyohitaji, kisha huongeza hewa kwenye jaketi la kuelea ili kufidia, na hewa hiyo hutanuka na kusinyaa kila wanapopanda au kushuka hata kidogo. Pima uzito wako mwishoni mwa mzamo, ukiwa mita 5 na mtungi umebaki na hewa yenye mgandamizo wa bar 50 hivi, kwa sababu hewa uliyoitumia ilikuwa na uzito wake: mtungi wa kawaida wa alumini hupungua kama kilo 2 kufikia hapo. Ukiweza kutulia mita 5 na mtungi mwepesi bila hewa kwenye jaketi, uzito wako ni sahihi. Jifunze pia kupiga mapezi kwa mtindo wa chura, magoti yakiwa yamekunjwa na nyayo zikisukuma maji kwenda nyuma. Mateke ya juu na chini hutifua mchanga, na mchanga huo ndio madoadoa ya picha ya mwenzako anayekufuata.

Jambo la pili ni pumzi, na hapa naomba nisikilizwe vizuri. Wapiga picha wana tabia ya kubana pumzi ili mkono usitikisike. Kwenye mtungi, tabia hiyo ni ya hatari. Hewa unayovuta chini iko kwenye mgandamizo wa pale ulipo. Ukiibana ukapanda, inatanuka, na mapafu yaliyojaa yanaweza kujeruhiwa kwa kupanda hata mita moja na kidogo, hasa karibu na uso wa maji ambako mabadiliko ya mgandamizo ni makubwa zaidi kwa kila mita. Wimbi linakuinua bila wewe kujua kwa kuwa unatazama kioo cha kamera. Pumua polepole, koo likiwa wazi muda wote, na ubonyeze kitufe mwishoni mwa kutoa pumzi, pale mwili unapotulia wenyewe kwa muda mfupi.

Kamera pia hula muda na hewa. Kwenye mita 10 mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu, na kwenye mita 20 ni mara tatu, hivyo hewa ambayo ingekutosha dakika 60 kwenye mita 10 itakutosha dakika 40 tu kwenye mita 20. Itazame geji kila baada ya picha chache, na ujue mwenzi wako yuko wapi kabla hujainamia kiumbe chochote. Kasi ya kupanda isizidi mita 9 kwa dakika, na dakika 3 za kusimama kwenye mita 5 zisifupishwe kwa sababu ya kasa aliyepita.

Kipimo changu kwa wanafunzi ni rahisi. Tafuta sehemu ya mchanga mtupu, chagua kijiwe kimoja, na ukae juu yake kwa umbali wa nusu mita kwa dakika 5, ukiwa umeshika kitu chenye ukubwa wa kamera, bila kutumia mikono kujisawazisha. Ukiweza hivyo, beba kamera. Flashi ije baadaye.

Chini ya Wimbi aliandika:

Ninawashukuru nyote, na nimeelewa kwa nini mwalimu wangu alisema vile. Nitaanza na zoezi la kijiwe, kisha mwanga wa jua, na flashi nitaifikiria baadaye. Yamebaki maswali mawili. La kwanza, nikimsogelea samaki hadi umbali mnaoutaja, anakimbia na ninabaki na picha ya mkia. Je, kuna namna? La pili, je, flashi haiwadhuru?

Macho ya Ngisi alijibu:

Picha ya mkia ni picha ya samaki aliyefukuzwa. Ukimwendea samaki moja kwa moja ukimkazia macho, atakuchukulia kama mwindaji, na huwezi kumshinda kwa mbio ndani ya maji yake. Pita ubavuni, taratibu, ukipunguza umbali kwa mshazari na kutazama pembeni, kisha utulie. Mapovu nayo yanawashtua, kwa hiyo mdundo wa pumzi za taratibu alioutaja Mtungi Nusu unasaidia hata huku.

Njia bora zaidi ni kuchagua mahali, si samaki. Kila mwamba una vituo vya usafi, ambako samaki wadogo wembamba wenye mstari mweusi ubavuni, au kamba wenye ndevu ndefu nyeupe, huwaondolea wakubwa vimelea. Chewa akifika hapo husimama, hufungua mdomo na kutanua mashavu ya matamvua, na wakati mwingine hubadilisha rangi. Ukiwa umeshatulia mita chache kutoka hapo kabla yake, atakuja kwa shughuli zake na hatakujali. Mahali pengine ni anemoni, kiumbe chenye minyiri kinachofanana na ua, lenye samaki wake wa machungwa na nyeupe. Hao hawaendi mbali na nyumba yao: hutoka, hurudi, hutoka tena kwa mzunguko unaoweza kuuzoea. Aliye mkubwa kuliko wote ni jike, na akifa dume wa kwanza hugeuka kuwa jike, kwa hiyo ukiwatazama kwa utulivu utaona ni nani anamwamuru nani. Panga fokasi pale anapotokeza uso na umsubiri. Mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, naye ni mvumilivu. Kule kufungua na kufunga mdomo si vitisho, ni kupumua tu, ingawa hilo si ruhusa ya kuusogeza mkono kwenye shimo lake.

Kasa mwache apite. Anahitaji kupanda kuvuta hewa, na mzamiaji anayemkalia juu kutafuta pembe nzuri anamzibia njia ya pumzi.

Kuhusu flashi, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kwenye jarida la Scientific Reports uliwapima samaki wa chini, wakiwemo farasi wa baharini, na haukuona kwamba flashi ina athari kubwa kuliko ile ya kuwapo kwa mzamiaji peke yake. Kilichowaathiri waziwazi ni kushikwashikwa na kusogezwa. Hata hivyo, baadhi ya hifadhi zimeweka mipaka ya flashi kwa viumbe fulani, na sheria ya mahali ulipo ndiyo inayotangulia. Bunju anayejaa maji hadi kuwa mpira anaonekana wa kuchekesha kwenye picha, lakini mzamiaji mwenye uzoefu akiiona picha hiyo hujiuliza nani alimchokoza. Vivyo hivyo kwa konokono wa baharini wasio na gamba: wengi wao hula sponji za aina maalumu tu, na anayewahamishia kwenye mandhari yenye rangi nzuri zaidi anawatoa kwenye chakula chao.

Kioo cha Kuba alijibu:

Namuunga mkono Mtungi Nusu; kijiwe kitangulie. Siku ukiifikia flashi, nakuachia mipangilio ya kuanzia ili usihangaike chini.

Ikumbuke kanuni moja: flashi humulika kwa muda mfupi mno, kwa hiyo kasi ya shata haiathiri sana mwanga wake, bali inatawala buluu ya nyuma. Tundu la lenzi linaathiri vyote viwili. Anza na tundu la f/5.6, shata 1/125 ya sekunde, ISO (usikivu wa sensa kwa mwanga) 100 au 200, na flashi kwenye nusu ya nguvu zake. Piga ukiwa umeielekeza kamera juu kidogo ili maji yaonekane nyuma ya tumbawe. Buluu ikiwa imepauka mno, peleka shata kwenye 1/250. Ikiwa nyeusi, irudishe hadi 1/60, ila hapo mkono uwe umetulia. Tumbawe likiungua kwa weupe, punguza nguvu ya flashi au isogeze nyuma, usiguse shata. Usiuamini mwangaza wa kioo cha kamera, kwa sababu kwenye giza la chini kila picha huonekana imeng'aa; tazama histogramu, ule mchoro wa kamera unaoonyesha mgawanyo wa giza na mwanga kwenye picha.

Kwa viumbe wadogo hesabu hubadilika: tundu liwe dogo kadiri kamera inavyoruhusu, kwa maana ukiwa sentimita chache kutoka kwa kiumbe, eneo lililo ndani ya fokasi ni jembamba mno, na flashi isogezwe karibu na kioo cha kasha. Fokasi iwe kwenye macho, au kwenye pembe zile mbili za kichwani ikiwa ni konokono. Mkia ukififia hakuna atakayeulalamikia.

Na kabla ya yote, oringi, yaani mpira wa duara unaoziba mlango wa kasha. Unywele mmoja au punje moja ya mchanga chini ya mpira huo inatosha kuingiza maji, na uvujaji mwingi hutokea mita chache za mwanzo, kabla mgandamizo haujaukaza mpira kwenye nafasi yake. Uvute kwa kidole, usitumie kitu chenye ncha, uufute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, upake mafuta ya silikoni kiasi cha kung'aa tu, kisha upitishe kidole kwenye mfereji wake mzima ukiwa unatazama kwa tochi. Lifunge kasha mahali pakavu penye ubaridi, ukiwa umetia pakiti ya kunyonya unyevu ndani, la sivyo hewa ya joto uliyoifungia itageuka ukungu kwenye kioo mara utakapoingia kwenye maji yaliyo baridi kuliko hewa hiyo. Mara ya kwanza lizamishe kasha tupu, bila kamera, hadi kina utakachokitumia. Ukirudi, liache kwenye maji matamu na ubonyeze kila kitufe likiwa humo, maana chumvi ikikauka kwenye shina la kitufe hugeuka punje ngumu zinazokwaruza mpira wa ndani, ambao huwezi kuufikia bila kulipeleka kasha kwa fundi.

Chini ya Wimbi aliandika:

Nimeelewa. Swali dogo la mwisho kwa Mtungi Nusu: kwenye zoezi la kijiwe, kasha langu linaelea kidogo badala ya kuzama. Je, nilifunge uzito?

Mtungi Nusu alijibu:

Lifunge kipande kidogo cha risasi chini ya kitako chake, kiasi cha kulifanya lizame polepole sana ukiliachia, na uliunganishe na jaketi kwa kamba fupi yenye kifungo. Kasha linaloelea huvuta mikono yako juu na kuishusha miguu, na miguu ikishuka ndipo mapezi yanapoyafikia matumbawe. Ukija kuongeza flashi, mambo yatageuka: kifurushi chote kitakuwa kizito, na utahitaji maboya madogo kwenye mkono wa flashi badala ya risasi. Kisawazishe tena siku hiyo, juu ya mchanga, kabla ya kuurudia mwamba.